Unywele au shina: kulinganisha rasta, wigi, dawa, pasi na mafuta kabla ya kwenda saluni

Kabla ya kuuliza uchague mtindo gani, okota nywele zilizobaki kwenye kitana asubuhi hii na uzitandaze juu ya karatasi nyeupe. Zitakuwa za namna mbili. Kuna ndefu zenye kijidoa cheupe upande mmoja: hizo zimemaliza muda wake na kutoka zenyewe, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya kichwa chochote. Halafu kuna vipande vifupi visivyo na kijidoa popote, vingine vimejipinda kama koma: hivyo vimekatika njiani. Vikizidi vipande, kinachoumia ni unywele wenyewe, na mkosaji ni moto, dawa ya kunyoosha, kitana au ukavu. Lakini ukiona paji linapanda juu na nywele za mbele ya masikio zinakonda huku kisogoni pamejaa, kinachoumia ni shina, yaani pale ngozini unywele unapootea, na mkosaji ni mvutano.

Tofauti hiyo ndiyo mizani tutakayotumia humu. Unywele ulioungua utakatwa, na chini yake mwingine unakuja, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Shina lililovutwa miaka na miaka hugeuka kovu, na kovu haliotishi kitu hata ulipake mafuta yote ya soko la Kikuubo, Kampala. Kwa hiyo mitindo miwili ikilingana bei na urembo, sisi tunachagua ule unaohatarisha unywele, tunauacha ule unaohatarisha shina. Na anayelalamika kwamba nywele zake "hazikui" mara nyingi zinakua vizuri tu. Zinakatika nchani kwa kasi ile ile zinayotoka utosini.

Biswahili, rasta, au nywele zako peke yake

Kampala mistari ya kusuka inaitwa biswahili, jina ambalo mtu wa Mombasa hulipokea kwa kicheko. Uzuri wa mstari ni kwamba hakuna fungu dogo la nywele linaloning'iniza uzito peke yake. Kila fungu linashikwa na jirani yake. Ubaya wake uko mwanzoni, pale msusi anapookota vinywele laini vya paji la uso ili mstari uonekane umeanza mbele kabisa. Vinywele hivyo ni vyembamba kuliko vyote kichwani. Mwambie msusi aanzie nyuma yake kwa upana wa kidole kimoja, avilaze vile vya mbele kwa maji na krimu kidogo. Mistari iliyovutwa juu na kufungwa fundo utosini ni hatari zaidi ya ile inayolala kwenda kisogoni, kwa sababu fundo hilo linaivuta mchana kutwa kila unapogeuza shingo.

Rasta za nyongeza zina hesabu nyingine. Hapo kila fungu la nywele zako linabeba nywele bandia zinazoweza kufika kiunoni, na zikilowa zinabeba na maji. Hatari huongezeka kadiri fungu linavyokuwa dogo na rasta inavyokuwa ndefu au nene. Ukitaka rasta nyembamba, zikomeshe mabegani. Ukitaka za kiunoni, mafungu yawe makubwa, karibu sentimita 2 kila upande. Nyembamba na ndefu kwa pamoja, hapana.

Kuna namna mbili za kuanzisha rasta. Ya zamani huanza na fundo: msusi anakunja nywele bandia na kuikaza kwenye ngozi. Ya pili haina fundo. Inaanza na nywele zako mwenyewe, nyongeza inaingizwa kidogo kidogo kadiri msuko unavyoshuka. Hii ya pili inakula muda mrefu zaidi na msusi hulipisha zaidi, lakini shinani ni nyepesi na unaweza kuilaza upande wowote siku ile ile. Kama pesa haitoshi kichwa kizima, chagua isiyo na fundo kwa safu mbili za mbele na za pembeni, huko nyuma weka za fundo. Wasusi wengi wanakubali ukiwaambia kabla hawajaanza. Ukisema katikati ya kazi, utasikia mengine.

Utajuaje kwamba zimekazwa mno? Inua nyusi. Zikikataa kupanda, au ukihitaji panadol ili upate usingizi, au ukiona vipele vidogo na ngozi iliyoinuka kama hema kwenye mstari wa mbele, hizo zimekazwa. Ushauri wa kupuliza maji ya moto na kuvumilia siku tatu "zizoee" haufai: maumivu yanapungua, mvutano unabaki palepale. Fumua safu ya mbele siku hiyo hiyo, kisha isukwe upya kwa ulegevu. Kufumua rasta 10 za mbele ni kazi ya nusu saa.

Nywele zako peke yake, mabutu au misokoto ya nyuzi mbili bila nyongeza, ndizo salama kuliko zote kwa shina, na zinafumuka bure nyumbani. Kasoro yake ni kwamba hazidumu. Baada ya wiki moja au mbili zimetimka, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kwa mwenye kazi ya ofisini inayodai kichwa nadhifu kila Jumatatu, biswahili bila nyongeza kwa wiki 2 au 3 ni maelewano mazuri.

Neno kwa waliotoka shule. Shule nyingi za Uganda hutaka wasichana wawe na nywele fupi, basi likizo ndefu baada ya Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, inapofika, kichwa chenye nywele za sentimita 3 kinakimbizwa saluni kusukwa rasta za kiunoni. Nywele fupi hivyo hazishikiki bila kukazwa kwa nguvu, na msusi hana njia nyingine. Subiri zifike kama sentimita 8. Huo ni mwendo wa miezi mitano hivi. Ukishindwa kungoja, chukua wigi lisilo na gundi.

Muda wa kukaa na rasta ni wiki 6, ukizidi sana 8. Siku ya kufumua ndipo watu wengi huharibu walichokitunza miezi miwili. Piga hesabu: nywele 50 hadi 100 kwa siku, mara siku 56, ni 2,800 hadi 5,600 zilizotoka zikanaswa ndani ya misuko. Kwa hiyo lile bonge linalotoka lisikutishe. Kagua vijidoa vyeupe. Kazi inakwenda hivi:

1. Papasa rasta ujue nywele zako zinaishia wapi, kisha kata nyongeza sentimita 5 chini ya hapo. Usikisie kwa macho.
2. Fumua kwa mkia wa kitana, kuanzia chini.
3. Shinani utakuta kijidonge cha kijivu cha vumbi, mafuta na mba. Weka tone la mafuta au kondishena, kifikiche kwa ncha za vidole mpaka kipasuke, ukivuta nje kwa upande. Kisiingizwe kitana.
4. Chana kwa vidole, halafu kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani.
5. Sasa ndipo maji yaje, kichwa kikiwa kimegawanywa mafungu manne.

Anayeruka hatua ya 3 na kuingia bafuni moja kwa moja anakuta vijidonge vimesinyaa na kushikana na nywele, na kinachofuata ni mkasi. Baada ya kufumua, pumzisha kichwa wiki moja au mbili kabla ya kurudia.

Ndani ya zile wiki sita, kichwa kilichosukwa kinaoshwa. Changanya kipimo 1 cha shampuu na 4 za maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, mimina kwenye njia kati ya mistari, sugua kwa vidole, suuza mpaka maji yatoke meupe, kila wiki moja au mbili. Kausha kabisa kabla ya kulala. Rasta nene zilizolala mbichi zinatoa harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndoo. Nywele bandia zikikuwasha tangu siku ya kwanza, safari nyingine ziloweke usiku kwenye beseni la maji lenye kikombe kimoja cha siki, zisuuze na uzianike kabla ya kuzipeleka kwa msusi.

Wigi au kushonea

Hapa hatusiti: wigi. Linavuliwa usiku, ngozi inapumua, unaona kinachoendelea. Nywele za kushonea zimekaa juu ya mistari iliyokazwa ili isilegee kwa uzito, na kwa wiki sita huoni kitu. Za kubandika kwa gundi moja kwa moja kwenye nywele ni mbaya kuliko zote. Gundi haichagui, inapong'olewa inaondoka na ilichoshika.

Lakini wigi nalo lina meno. Vitana vidogo vilivyoshonewa pembeni vinang'oa nywele za mbele ya masikio, basi vitoe kwa wembe na uweke mkanda laini unaorekebishika. Mkanda ukiacha alama nyekundu kwenye paji baada ya saa moja, umekaza. Kofia ya ndani iwe ya satini. Ile ya nailoni ya rangi ya ngozi inateleza, ukivuta kuirudisha unasugua mstari wa mbele mara ishirini kwa siku. Anayelazimika kutumia gundi ya wigi aiweke kwenye ngozi, mbele ya nywele, na aitoe kwa mafuta yaliyokaa dakika 10, bila kuvuta.

Kunyoosha: dawa, pasi au uzi

Ndani ya unywele kuna vifungo vya aina mbili vinavyohusika. Vya muda hufunguka kwa maji au joto na kujifunga tena vinapokauka. Hivyo ndivyo draya na uzi vinavyocheza navyo. Vya kudumu ndivyo vinavyovunjwa na dawa, na havirudi. Ndiyo maana nywele za pasi zinajikunja mvua ikikunyeshea Wandegeya, na zenye dawa zinabaki zimelala.

| | Dawa | Draya na pasi | Kufunga uzi |
|---|---|---|---|
| Matokeo yanadumu | Mpaka zikatwe | Mpaka maji au unyevu | Mpaka maji au unyevu |
| Unyoofu | Kamili | Karibu kamili | Zinarefuka, hazilali kabisa |
| Kinachoharibika | Ngozi kuungua, nywele kukatika | Unywele kuungua, mkunjo kupotea | Shina, ukikaza mno |
| Kurudia | Wiki 8 hadi 12, nywele mpya tu | Pasi mara moja kwa wiki 2, si zaidi | Unavyotaka |
| Unahitaji | Mtu mwenye mkono mzoefu | Umeme na pasi yenye kipimo cha joto | Uzi na usiku mmoja |

Tuanze na dawa. Makopo yamegawanyika mara mbili. Yaliyoandikwa Lye yana sodiamu haidroksaidi, yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali; ikiwa juu, ni alkali kali) ya kati ya 12 na 14. Yanafanya kazi haraka na kuchoma ngozi haraka. Yaliyoandikwa No-Lye kwa kawaida huja na vitu viwili vya kuchanganya, krimu ya kalisiamu haidroksaidi na chupa ya maji ya guanidini kaboneti. Hayo ni ya upole zaidi kwa ngozi, ila yanaacha chembe za kalisiamu kwenye nywele, zinakuwa kavu na butu. Mwenye ngozi nyepesi kuuma achague ya pili na aongeze shampuu ya kuondoa madini mara moja kwa mwezi. Mwenye ngozi ngumu, na msusi anayejua saa ni nini, anaweza kutumia ya kwanza. Wengi hudhani No-Lye maana yake haichomi. Inachoma. pH yake nayo iko juu ya 11.

Makosa ya dawa yanajirudia saluni baada ya saluni. La kwanza ni kuipaka kichwa kizima kila mara. Nywele za zamani zimeshavunjwa vifungo; zikipakwa tena zinabaki kama uzi uliooza, na zinakatika pale mpya inapokutana na ya zamani. Dawa iende kwenye sentimita 2 au 3 za shinani peke yake, na zile za zamani zipakwe Vaseline au kondishena nzito kabla hujaanza. La pili ni kujikuna au kuosha kichwa siku mbili kabla: mikwaruzo usiyoiona dawa inaiona. La tatu ni imani kwamba ikianza kuchoma ndipo inaanza kushika. Kuchoma ni ngozi inaungua, na dawa ioshwe muda huo huo hata kama dakika za kwenye kopo hazijaisha. La nne ni suuza ya haraka. Suuza kwa maji vuguvugu dakika 5 au zaidi, kisha shampuu ya kuzima dawa mara tatu. Zile zenye rangi ya kipimo hutoa povu la waridi dawa ikiwa imebaki, na hutakiwi kuondoka kwenye sinki kabla povu halijawa jeupe. Mchanganyiko wa No-Lye uliobaki unatupwa, hauhifadhiwi kwa mteja wa kesho.

Kuna na jambo la afya. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta saratani ya mfuko wa uzazi imejitokeza zaidi kwa waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka. Uhusiano si uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo, ila ni sababu tosha ya kuvuta muda uelekee wiki 12 badala ya 8.

Pasi na draya. Ukisikia chwiii pasi inapopita, hayo ni maji yanayochemka ndani ya unywele. Yanaacha mapovu ndani yake, na hapo ndipo utakapokatika wiki ijayo. Nywele ziwe kavu kabisa, joto lisizidi nyuzi 180, fungu jembamba la upana wa sentimita 2, pasi ipite mara moja, mara mbili basi. Ipakwe kinga ya joto ya silikoni kwanza, kiasi cha harage moja kwa kila robo ya kichwa. Mafuta mazito kabla ya pasi yanakaanga. Chanuo la chuma la kupashwa kwenye sigiri halina kipimo cha joto hata kidogo, na mtihani wa kuligusisha kwenye karatasi unakuambia limezidi baada ya kuzidi. Tusingelitumia.

Draya ya mkono yenye meno ya kitana ni nzuri kuliko pasi, kwa sharti kwamba uzikaushe hewani kwanza mpaka zibaki na ubichi kidogo tu, uweke joto la katikati, na uanzie nchani. Draya ya kukalia chini yake, ile ya kofia, haivuti kabisa. Kama saluni inayo, na una saa moja ya kupoteza, ikalie hiyo.

Kwa hali ya hewa ya Kampala na Entebbe, pasi ndiyo chaguo linalotuudhi zaidi. Unyevu wa Ziwa Viktoria unaurudisha mkunjo kesho yake, mtu anapasha tena, na tena. Mwenye kutaka unyoofu kamili kila siku ya mwaka afadhali dawa moja kila wiki 12 iliyofanywa vizuri kuliko pasi mara 24 ndani ya wiki hizo hizo. Asiyehitaji unyoofu kamili, anayetaka tu nywele zirefuke zisukike kwa urahisi, achukue uzi.

Uzi hausifiwi inavyostahili. Nywele ziwe na unyevu, zisidondoshe maji, paka krimu, gawa mafungu 10 hadi 16, acha sentimita 1 shinani bila kufungwa, kisha zungusha uzi mweusi laini kushuka hadi nchani, ukiacha nafasi ndogo kati ya mizunguko. Usiku mmoja unatosha. Asubuhi kata fundo la nchani tu na ufumue. Mkasi usikaribie katikati. Msusi wa biswahili atakushukuru, na draya haikuguswa.

Onyo moja linalovuka safu za jedwali: dawa na rasta pamoja. Tafiti za Afrika Kusini zimekuta kipara cha mvutano kinawapata zaidi wanaosuka nywele zenye dawa. Ukishatia dawa, ngoja angalau wiki mbili kabla ya kusuka, na chagua mafungu makubwa.

Kuosha na kuchana

Sabuni ya mche au shampuu? Sabuni ya kufulia ina pH ya 9 hadi 10. Magamba ya unywele, yanayopangana kama mabati ya paa, yanainuka kwenye maji ya aina hiyo na kukwaruzana. Ukiwa na maji ya kisima kirefu, kama sehemu nyingi za Karamoja na kaskazini, sabuni inaungana na chumvi za maji na kuacha utando mweupe usiosuuzika. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka ziwani na ni mepesi zaidi, kwa hiyo kosa hilo halionekani upesi, ila lipo. Shampuu ndogo kabisa ya bei ya chini inaishinda sabuni ya mche. Panapokosekana, changanya kijiko 1 cha siki kwenye vikombe 2 vya maji, ukimwagie kichwa baada ya kuosha kwa sabuni, kisha suuza.

Kuchana zikiwa kavu au mbichi? Mwenye nywele za singa huambiwa asichane zikiwa mbichi, kwa kuwa unywele mbichi unavutika na kukatika. Wengi wetu tumeuchukua ushauri huo mzimamzima, na kwetu unaumiza. Nywele za kipilipili zikiwa kavu zimeshikana kila kona, na kila kona ni mahali pa kukatika. Chana zikiwa na unyevu na kondishena ndani, kitana cha meno mapana, sentimita chache za nchani kwanza, kisha panda. Mkono wa pili ushike fungu juu ya kitana ili mvuto usifike shinani.

Taulo la kusugua liache. Fulana ya zamani ya pamba iliyobonyezwa inatosha.

Mafuta: ya shea, ya nazi au Vaseline

Hakuna mafuta yanayolowesha nywele. Maji ndiyo yanalowesha, mafuta yanayafungia. Kupaka mafuta nywele kavu ni kufungia ukavu ndani.

Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, yenye molekuli ndogo inayoingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kazi yake bora ni kabla ya maji: paka kijiko kimoja cha chai kwa kichwa cha nywele za mabegani, kaa nusu saa, kisha osha.

Mafuta ya shea ya Uganda, yale Waacholi wanayaita moo yaa, yanatoka kwenye mshea wa Nailo, si ule wa Afrika Magharibi. Yana asidi ya oleiki nyingi zaidi, ndiyo maana yanakuwa laini kama mtindi ilhali ya Ghana hukaa magumu mpaka uyakwangue. Yanafaa baada ya maji: nywele zikiwa bado na unyevu, chota kiasi cha ukucha wa kidole gumba kwa kila robo, yeyusha viganjani, paka kuanzia nchani. Ya kienyeji yenye harufu ya moshi si mabovu. Harufu hiyo ni ya kukaanga na kuchemsha kokwa. Yenye ukakasi wa karanga zilizooza, hayo yameharibika.

Vaseline haiingii ndani wala haiharibu. Ni ya bei nafuu na inafungia kuliko yote, ila inakamata vumbi la bodaboda. Iwe ya ncha na ya kukinga ngozi siku ya dawa.

Kati ya matatu, aliye na pesa ya kopo moja anunue ya shea kama yuko Lira au Gulu, ya nazi kama yuko Kampala na anaosha kila wiki. Yoyote utakayochagua, usiyajaze kwenye ngozi yenye mba. Ukungu unaochochea mba unakula mafuta kama hayo ya shea na ya nazi. Mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu tunayaacha kwa wanaoyapenda. Hatujaona ushahidi kwamba yanaotesha pale shina lilipokufa.

Usiku, ushungi na kofia ya boda

Foronya ya pamba inafyonza unyevu na kusugua. Satini haifanyi hivyo. Kitambaa cha satini kinavuka usiku vizuri kuliko kofia yenye lastiki kali, ambayo inarudisha mvutano ule ule uliokimbia mchana.

Wanaovaa ushungi wana mtihani wao. Nywele zikifungwa fundo mahali pale pale kila siku, na kikofia cha ndani kikikaza mbele, paji linakonda polepole chini ya kitambaa bila mtu kuliona. Badilisha mahali pa fundo, wiki hii chini, ijayo juu kidogo. Kikofia kiwe cha satini au jezi laini. Na usifunge nywele mbichi, hata kama adhana imekukuta bafuni. Zikaushe kwa fulana kwanza, zisuke misokoto miwili iliyolegea.

Kofia ya boda inayovaliwa na abiria ishirini kwa siku, na vitana vya saluni vinavyopokezanwa, vinaweza kuleta mapunye: duara lenye magamba na nywele zilizokatika sawasawa na ngozi, hasa kwa watoto. Weka kitambaa chako chini ya kofia. Mapunye ya kichwani hayatibiwi kwa krimu wala mafuta. Yanahitaji dawa ya kunywa, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, kwa kipimo cha daktari.

Shina likianza kukupa wasiwasi, piga picha ya paji na pande zote mbili za kichwa, mwanga wa dirishani, nywele zimerudishwa nyuma, kila tarehe 1 ya mwezi. Acha kusuka na wigi la gundi miezi mitatu. Picha ya nne ikionyesha vinywele vipya laini, endelea hivyo hivyo. Ikionyesha ngozi nyororo inayong'aa, isiyo na vitundu vya nywele, chukua picha zote nne uende kliniki ya ngozi ya Mulago au ya hospitali ya rufaa ya Mbarara, kichwa kikiwa kimefumuliwa.